Paja Linalia, Kizazi Kinauma

Jumatatu, 3 Agosti 1959
Nimefundisha nimekaa. Wasichana wa darasa la tatu wameshazoea, ubaoni wanaandika wenyewe. Paja la kulia linawaka toka kinenani mpaka gotini. Hakuna uvimbe. Hakuna jeraha. Miaka miwili sasa, tangu nilipozaa mtoto maiti. Hedhi ikikaribia huzidi.

Jumatano, 5 Agosti
Mafuta ya karafuu tena. Bure. Mama mkwe wangu, Bi Time, aliniona navuka kizingiti kwa kushika ukuta. "Nguu huo una ntu," akasema. Ana maana mguu wangu una jini. Nina hasira.

Ijumaa, 7 Agosti
Wamekwisha kuamua bila mimi. Jumanne anakuja mganga kunichoma paja kwa chuma cha moto. Mume wangu, Faki, amekubali. Hakunitazama aliponiambia. Nakiogopa chuma. Zaidi naogopa wataniuliza kama nimepona, nami nitasema ndiyo, ili wasirudie.

Jumapili, 9 Agosti
Nimelia jikoni, moshi ukanisitiri. Jirani yetu Bi Raya, mkunga wa hospitali, hakudanganyika. "Njoo kesho kwa daktari," akasema. "Na useme yote, hata ya chini ya kitovu." Ya huko sijapata kumwambia mtu. Naona haya.

Jumatatu, 10 Agosti
Shuleni nimeomba ruhusa. Faki sikumwomba.

Daktari alilikunja paja, akalinyoosha. Zima. Akatoka nje ya pazia, Bi Raya akanipima kwa ndani. Alipobonyeza upande wa kulia wa kizazi, paja likawaka mpaka gotini. Nikapiga kelele, "Paja!" Na mkono wake haukuwa pajani kabisa.

Daktari alinieleza polepole. Mishipa ya fahamu ya kizazi na ya paja huingia uti wa mgongo mahali pamoja. Kizazi kikiugua muda mrefu, ubongo hushindwa kujua maumivu yametoka wapi, mtu akayasikia pajani. Ugonjwa umebaki tangu uzazi ule. "Maumivu yako ya kweli," alisema. "Ila mguu ni mzima." Hapo nikalia. Miaka miwili nilidhani nina wazimu.

Sindano kumi. Kukandwa kiuno kwa maji ya moto. Huenda yasiishe yote.

Jumanne, 11 Agosti
Mganga alifika alasiri. Chuma kilikuwa motoni tayari. Nilisimama mlangoni, nikasema yote. Hata neno kizazi, mbele ya wanaume.
"Huna haya!" Bi Time alisema.
Faki akaniuliza, "Daktari kajuaje?"
"Nilibonyezwa kizazi, paja likalia."
Akamwomba mganga radhi, akamsindikiza mpaka barabarani.

Jumatano, 19 Agosti
Sindano ya saba. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Bi Time hajaniomba radhi, wala sitarajii. Leo kachemsha maji mwenyewe, akaniita chumbani, akanikanda kiuno taratibu. Paja hakuligusa.