Mwangaluka kwenye gwaride

Minza mjukuu wangu, mwangaluka. Huku mashamba ya mkonge mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Nimefurahi kusikia bibi yako ametoka hospitali.

Unaniuliza: wakirudisha jeshi la lazima kwa vijana, uende, au ujifiche Kimali kwa shangazi yako kama mama anavyotaka? Unaogopa utarudi hutambuliki.

Mimi niliingia kambini kwa kujitolea, na darasa langu la nne. Siku ya kwanza mkuu wa kambi, mzee mwenye mvi, akapita mbele ya gwaride. Nikavua kofia, nikainama kumwamkia kwa Kisukuma kama nyumbani: "Mwangaluka, baba."

"Wewe! Hapa ni kwa baba yako?"

Nilikimbizwa uwanjani mpaka jioni. Wenzangu wakaniita Mwangaluka tangu siku hiyo.

Siku ya kuondoka nilimpigia mkuu yule saluti safi kabisa. Akanitazama, kisha akavua kofia yeye. "Mwangaluka, mwanangu. Nyumbani hawajambo?" Kumbe naye ni Msukuma.

Wakikuita, nenda. Mama yako niachie mimi. Siku ukirudi nyumbani Somanda na saluti zako, piga goti umwamkie bibi yako. Atakutambua.

Ni mimi babu yako.