Tarakta kubwa ya rafiki yako

Placide, hii ni kweli tupu, Mungu anaona, leo hakuna chumvi ya kuongeza.

Rafiki yako mwenye anakuandikia alibadilisha kale ka-tarakta kake kadogo ka kulimia na tarakta kubwa. Unajua mudomo wake! Aliambia bamama ba salongo, bale banalima pamoja: «Ikikwama, mi mwenyewe nitalima mupunga yenu yote na jembe.»

Asubuyi hii akaiingiza kwenye shamba. Ya mupunga, Placide! Matope na maji!

Ikaanza kuzama. Polepole, kama kiboko ameshiba. Akikanyaga mafuta, inazama. Akizima, inazama.

Mama Georgette, mukubwa wa salongo, akamuuliza: «Papa, kale kadogo kako wapi?»

«Nilikatoa.»

«Kadogo kalikuwa kepesi, kalikuwa kanapita juu ya matope.»

Kanapita! Na ye alijua, Placide, alijua!

Akajikaza: «Haikukwama, inapumzika.»

Bamama bakacheka mpaka bakakaa chini. Georgette akamunyooshea jembe: «Basi lima, papa. Tarakta ipumzike.»

Sasa anakuandikia na mikono ya malengelenge. Ya tarakta inaonekana usukani tu. Bamama bameanika bitenge juu yake.