Mama Ameuona Mgongo Wangu

Inyonga

Shangazi Paskalia mpendwa,

Kaa chini kwanza! Nimejifungua mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, tena kwa njia ya kawaida! Manesi waliuogopa mgongo wangu, lakini daktari alitazama picha niliyopigwa mwaka juzi akasema, "Mfupa umeungana vizuri, vyuma havijasogea." Miaka kumi na mitatu tangu nipasuliwe kunyooshwa mgongo, Shangazi!

Selestini, mume wangu, aliimba njia nzima ya kurudi nyumbani. Asali ya mizinga yake ni nyingi mwaka huu, nimekuwekea dumu. Kulima kwa kuinama bado siwezi, na kiuno kinauma nikikaa sana, kwa hiyo mtoto namwogesha juu ya meza. Majirani wanacheka, nami nacheka.

Mama amekuja kunikanda. Unajua, tangu alipokataa nipasuliwe ukasaini wewe, hajawahi kuutazama mgongo wangu, wala jina lako halitaji. Juzi nilivua blauzi, akasimama na kitambaa cha maji moto mkononi. Kisha akapitisha kidole kwenye kovu, kutoka chini ya shingo hadi kiunoni.

"Mimi ningekuacha upinde tu," akasema. Akalia, nami nikalia.

Halafu akaniambia, "Mwandikie wifi yangu. Mwambie mtoto hapewi jina mpaka yeye afike."

Basi njoo, Shangazi, njoo upesi! Mama mwenyewe atakupokea stendi.

Mwanao aliyenyooka,
Dorice