Chumba cha Bi Somoe

Mama, shikamoo.

Leo sijala. Nimepika wali, nikaupakua, nikaukodolea macho mpaka ukapoa, kisha nikaumwaga. Nimeona nikuandikie wewe, maana Asha nikimwambia haya kwa simu atalia, au atanitukana. Yote mawili nimeyastahili, ila leo sina kifua cha kuyapokea.

Tulipomaliza arobaini yako, nyumba ya Kiranjeranje ilinishinda. Asha alikuwa amefua kila kitu, na kitanda chako alikitoa uani kikapigwa jua siku tatu. Hata hivyo, kila nilipopita mlango wa chumba chako nilibana pumzi. Ikatokea kazi Dar es Salaam, ufundi wa majokofu kwenye ghala la samaki, nikaikimbilia. Watu wakasema Hamisi kaenda kutafuta maisha. Asha alinifungia mihogo mikavu na korosho kwenye kiroba, akasema, "Nenda kaka. Hapa umeshamaliza." Sikumuuliza nimemaliza nini.

Wiki mbili nililala palepale kazini huku natafuta pa kupanga. Dalali wangu alikuwa Mudi, mtu mzima mwenye tumbo na viatu vyeupe. Chumba cha kwanza alichonionyesha kilikuwa na ukuta unaotoka jasho, na choo cha watu kumi na wanne ambacho mlango wake ni kiroba. Nilichungulia. Funza walikuwa wanapanda ukuta. Mudi akaniambia, "Hao kiangazi wanapungua."

Cha pili kilikuwa na vigae, kinang'aa. Nikafungua bomba la jikoni. Maji yakaingia kwenye sinki, yakapotea, halafu yakaibukia bafuni kupitia tundu la sakafuni, meusi, yana punje za wali na nywele. Mudi akaruka asilowe viatu. "Tatizo dogo hilo, kaka." Cha tatu mwenyewe alipenga kamasi kwa vidole, akavipangusa ukutani, kisha akanipa mkono. Mama, niliupokea. Ningefanyaje? Siku nzima nikauona mkono wangu kama si wangu.

Wewe ulitulea kwenye sakafu ya udongo uliyoisiriba mwenyewe kila mwezi, na hatukuwahi kukuta unyoya wa kuku ndani. Nilijiambia watu wa mjini ni wachafu. Nilijisikia bora kuliko wao. Hilo ulishike, kwa sababu ya yanayofuata.

Chumba cha nne kilikuwa Mbagala: chumba na sebule, jiko dogo, choo ndani. Mudi aliniambia njiani, "Ukikikataa na hiki, kaka, wewe hutafuti chumba, unatafuta pepo."

Mlango ulikuwa wazi. Kabla hatujabisha, harufu ilitufikia, nzito, ina utamu ndani yake, kama nyama iliyosahauliwa. Niliijua. Nisamehe kwa hili nitakalosema: niliijua kutoka kwenye mgongo wako.

Sebuleni alikaa bibi mmoja chini, mguu mmoja kaunyoosha juu ya kigoda, umezungushiwa kipande cha kanga kilicholowa. Nikasema shikamoo. "Marahaba, baba, karibuni. Vitumbua siku hizi sipiki."

Mudi hakumsalimu. Alinipeleka dirishani kunionyesha nyavu za mbu. "Bi mkubwa, huyu ndiye mpangaji mpya."

"Mpangaji wa wapi?"

"Wa hapa."

Bibi alimtazama yeye, akanitazama mimi. "Na mimi naenda wapi?"

Mudi akacheka, akaniambia jikoni pia kuna rafu.

Mwenye nyumba, Mama Nasra, alikuwa anatungoja barazani, ananukia udi, tasbihi mkononi. Alisema yeye ni mtu wa huruma sana. Ila yule Bi Somoe kisukari kinamla mguu, harufu inaingia mpaka kwenye vyakula vya watu, wateja wa vitumbua walikwisha kukimbia, na wapangaji wengine wanalalamika. Kosa jingine hana. "Nimemwita mpwa wake huko Kitomanga aje amchukue. Akija asije, Jumamosi chumba ni chako."

Mama, unajua nilimuuliza nini? Sikuuliza mgonjwa atalala wapi. Niliuliza kama chumba kitapakwa rangi upya.

Kilipakwa. Jumamosi nikahamia. Bi Somoe walikuwa wamemtia kwenye stoo ya mkaa uani, pembeni ya shimo la choo. Godoro lake Mudi alilibeba akiwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi. Mimi nilisugua chumba siku mbili, kwa sabuni, kwa magadi, kwa dawa ya chooni, mpaka kucha zikauma. Kisha nikalala vizuri. Nasema kweli, nililala vizuri.

Kwenda kazini ilinibidi nipite uani. Nilipita na kitambaa puani. Yeye ndiye aliyeanza kunisalimu, mtu mzima, kwa kuwa mimi nilijifanya sioni mlango wa stoo. "Umeamkaje, baba?" Siku moja akaniambia, "Lafudhi yako ya kusini. Kwenu wapi?" Nikasema Kiranjeranje. "Aa. Mimi Kitomanga. Sisi wa njia moja." Nikamwambia nachelewa kazini. Sikuwa nachelewa.

Sasa niseme lile lililonileta kwenye karatasi hii.

Ile siku Asha alipokwenda kisimani, wewe ukiwa kitandani mwezi wa tatu na kiharusi chako, uliniita. "Hamisi, njoo unigeuze." Nilikuwa nje, chini ya mkorosho, nageuza baiskeli isiyo na ubovu wowote. Nilisikia. Ukaita tena. Nilisikia. Mara ya tatu sauti yako ilishuka, kama mtu anayejua ataitikiwa na ukuta. Nikaendelea kuzungusha tairi mpaka Asha akarudi, akatua ndoo, akaingia, nikamsikia anasema, "Jamani Mama, jamani." Nilijua umejichafua. Nilijua na vile vidonda. Wakati wote ule dawa zako nilizileta mpaka mlangoni tu, na Asha akafikiri ni heshima, mtoto wa kiume kutomwona mama yake maungo. Haikuwa heshima. Nilikuona kinyaa, Mama. Tumbo langu lilikukataa wewe uliyenizaa, uliyenitawaza mimi.

Na jioni ile ukamwambia Asha, "Hamisi ana kazi nyingi, mwacheni." Nimeishi na neno lile kama mfupa kooni. Sijui kama ulidhani sikusikia au ulinisitiri.

Basi. Wiki ya tatu ya kukaa Mbagala mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mchana nikiwa ndani, shimo la choo likafurika. Maji yakaelekea stoo. Wapangaji wakafunga milango. Mama Nasra akasimama barazani kapandisha gauni mpaka magotini, anasema, "Mpwa wake yuko njiani, yuko njiani," kama anayeyaambia yale maji. Nikatazama dirishani. Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya godoro, uchafu unaelea kulizunguka, mguu wake kaukumbatia kwa mikono miwili ameuinua juu. Hakuita mtu. Nilingoja aite. Alikuwa ameshajua kwamba kuita ni kujichosha.

Nilitoka. Nisikudanganye kwamba nilitoka kwa ushujaa, nilikwenda huku nalaani, kila mtu, na yeye pia. Nikambeba mgongoni. Ni mwepesi, Mama, kama ulivyokuwa mwishoni, ingawa hilo najua kwa kusikia kwa Asha tu. Usaha ulinichuruzikia kiunoni. Nilimfikisha sebuleni, nikamweka chini, nikatapika palepale mlangoni, mpaka machozi.

Yeye akangoja nimalize. "Tapika tu, baba. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilitapika."

Nikamwambia, karibu ndani, bibi. Akanikatiza: "Usinikaribishe kwangu."

Tangu siku hiyo yeye analala chumbani, mimi sebuleni. Usifikiri nimepata mama wa pili. Ana mdomo. Ugali wangu anasema mbichi, ugoro wake anautema kwenye kopo analolisahau popote, na shukrani hajawahi kuitamka hata siku moja. Nilikuwa naingoja, nakiri. Sasa siingoji. Muuguzi wa zahanati alinifundisha kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi na kufunga bandeji, kila asubuhi kabla ya kazi. Navaa glavu. Natapika bado, si kila siku, lakini leo nimetapika, ndiyo maana wali umenishinda.

Mama Nasra alinijia juu. "Nilikupangisha wewe, sikupangisha kidonda."

Nikamjibu, "Mama, kidonda kilipanga kabla yangu. Mimi ndiye niliyevamia." Akaniambia miezi sita niliyolipia kodi ikiisha nitafute pengine. Sawa. Wapangaji wenzangu hawaniitikii salamu. Kuna dada mmoja, nikishachota maji, analisuuza bomba kabla ya kuligusa. Mara ya kwanza nilitaka kumpiga. Halafu nikakumbuka kitambaa changu puani. Ulipokuwa ukisema hujafa hujaumbika, nilidhani unasema juu ya wagonjwa.

Mpwa wa Kitomanga hapokei simu. Hospitali wamesema mguu utakatwa chini ya goti. Bi Somoe alikubali baada ya siku mbili, kwa sharti kwamba nimpeleke mimi, si Mama Nasra na tasbihi yake. Ni Alhamisi hii.

Juzi, nikifungua bandeji, nilimweleza habari zako. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi na macho yana pa kutazama. Nilimweleza baiskeli, ndoo ya Asha, yote. Nilitaka aseme Mungu ni mwingi wa rehema, kama watu wanavyosema. Hakusema. Akaniuliza, "Alikuita mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akautazama mguu wake. "Basi alijua upo. Mtu haiti mara tatu mahali asipojua kuna mtu."

Kisha akaniambia nimekaza bandeji mno.

Kwa hiyo ulijua, Mama. Ulijua nipo, ukamwambia Asha nina kazi nyingi. Nimekaa na hilo siku mbili, na kuliko funza na yale maji meusi na mguu wa Bi Somoe, kilichonitia kichefuchefu zaidi ni mimi, pale chini ya mkorosho, nazungusha tairi.

Sikuombi unisamehe leo. Ningependa nikuombe nikiwa nimesimama kaburini kwako, baada ya kumwambia Asha. Nitakuja msimu wa korosho ukianza, In shaa Allah, na nitamwambia mbele ya wajomba, maana wao ndio walionisifu kwenye matanga kwamba nimeuguza. Anipige akitaka. Nitamwambia aliuguza peke yake, na kwamba mimi nilikuwepo. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeiandika ili nisiweze kuikana.

Mola akulaze pema, akupe nafasi na nuru huko uliko, na mgongo usiouma. Ndani naitwa, Bi Somoe anataka maji ya kunywa, ananiita kwa jina langu kamili kama karani wa mahakama. Naitika.

Kesho asubuhi ni kidonda tena. Nikitapika nitafuta, kisha nitaendelea.

Mwanao,
Hamisi