Baba Mkwe Niliyemjua kwa Kikohozi

Tunduma, Jumapili, Julai 2014

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye mifupa. Foleni ya malori ya kwenda Nakonde haisogei, na uani kwetu kuku mwekundu anatembea kama mgeni asiyejua akae wapi. Ni kuku wangu, nimerudi naye kutoka msibani. Ni zawadi ya baba mkwe ambayo hakuwahi kunikabidhi, na baba mkwe tulimzika kijijini kwao Ikinga siku ya Alhamisi.

Nina miezi miwili ya ndoa. Ningetaka kuandika kama nilivyozoea kuandika humu, kuhusu Asajile wangu: anavyoniletea chapati kutoka mpakani amezificha ndani ya koti zisipoe, anavyoniita "malkia" mbele ya mawakala wenzake wa forodha mpaka wanamzomea. Bado nampenda vile vile. Pengine zaidi. Lakini leo furaha sina hata ya kuazima kwa jirani.

Kwenye ukoo wao, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Mimi nimekulia hapa mjini, sikuyajua hayo. Hawatazamani wala hawapishani njiani, mpaka siku mzee atakapomkabidhi mkwe wake zawadi mbele ya ndugu. Hapo ndipo mkwe anafunua uso, wanasalimiana; wenyewe wanaita kumfungua mkwe. Siku ya harusi yetu baba mkwe alisimama nje ya kanisa, upande wa dirishani. Tulipokwenda kukaa kwao, alikuwa anakohoa mara mbili kabla ya kuingia uani, nami nageukia ukuta, khanga kichwani.

"Kikosi kimegeuka?" anauliza.

"Kimegeuka, baba," anajibu mama mkwe, akicheka.

"Basi jeshi linapita."

Na jeshi linapita: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuta, kwa sababu ya chuma alichorudi nacho kutoka vita vya Kagera. Akishakula, nasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta: "Mama Asajile, mwambie mkwe wako ugali wake umesimama mguu sawa. Nimeupigia saluti."

Nilimpenda. Ndiyo, nilimpenda kupitia ukuta.

Mengine nimesimuliwa tu. Alirudi kutoka vitani akaapa hatakula ndizi tena. Mtu wa Ileje, hali ndizi! "Nilizokula Uganda zinanitosha mpaka kaburini," alikuwa akisema. Kila asubuhi aliwapanga wanawe mstari, akawakagua kucha. Asajile alipougua surua, baba alimfunga mgongoni kwa khanga ya mama na kumpeleka zahanati kwa mguu huo huo mbovu. Wanaume wa kilabuni wakamcheka: "Afande, siku hizi umekuwa mama?" Akawajibu bila kusimama, "Nimebeba mzinga, sembuse mtoto wangu!"

Hakusimulia vita. Mvua kubwa ikinyesha, mama anasema, alikuwa akiketi mlangoni mpaka iishe. Hakuna aliyethubutu kumuuliza anangoja nini.

Asajile aliniambia, "Uso wangu ni wa baba. Siku ukimwona, utajua mumeo atakavyozeeka." Nilikataa hata kuonyeshwa picha. Nilitaka kumwona siku yangu ikifika, kahawa ikishauzwa. Niliisubiri siku hiyo kama harusi ya pili. Kuku alikwisha kuchaguliwa, na mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa akimlisha.

Kahawa ikiwa bado juani, presha ikamwangusha shambani.

Hakuamka.

Kwenye msiba mashangazi walibishana kama nipite kwenye jeneza kuaga. "Huyo hajafunguliwa," mmoja akasema. Mama mkwe akanishika mkono. "Wa kumfungua ndiye huyu amelala. Mwacheni mwanangu amwone baba yake."

Nikafunua uso.

Alikuwa Asajile. Paji lile lile, kidevu kile chenye kishimo ninachokibusu kila asubuhi, na pamba puani. Mume wangu, amezeeka, amekufa. Yule mzee wa ukutani, mwenye mzaha na saluti, sikumkuta. Na yeye hakuniona. Miezi miwili nimekuwa mwanawe, hajui nina sura gani.

Tangu siku hiyo sijaweza kumtazama mume wangu usoni. Anadhani ni uchovu. Hali, hasemi, anashinda ameishika fimbo ya baba yake kama mtoto aliyeachwa stendi. Anahitaji mtu wa kumtazama machoni, na mtu huyo ni mimi, na mimi nikiinua macho naona jeneza. Kwenye mafundisho ya ndoa walituambia mengi. Hawakusema kwamba ukimpenda mtu umeukubali na uso ule.

Jioni hii alikwenda kutembea mpaka mpakani. Aliporudi baridi ilikuwa imemkaba, akakohoa mlangoni. Mara mbili.

Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimegeukia ukuta, khanga kichwani.

Akasimama. Kisha, kwa sauti inayokatika, akauliza:

"Kikosi kimegeuka?"

Sasa ameketi kitandani nyuma yangu, nasikia anavyolia akijizuia, nami naandika haya kwa simu nikiutazama ukuta.

Baba, hukunifungua. Nitageuka vipi?