Maji ya Majivu ya Mama Mkwe

Mbotela, Jumapili, Februari 1996

Jua limewaka tangu asubuhi. Wiki nyingine ningelalamika, lakini wiki hii nimelifurahia, maana juu ya bati la jikoni nimeanika maganda ya ndizi.

Lori la taka la jiji halijapita laini yetu ya nyumba tangu Krismasi. Watu hutupa taka mwisho wa laini, na nyumba ya mwisho ni yetu. Jioni jirani mmoja huzichoma. Moshi wa mifuko ya nailoni huingia mpaka kitandani, na Nafula wangu, ambaye hata nasari hajaanza, amekohoa hadi nikazoea kikohozi chake.

Mama mkwe alipofika kutoka Mumias wiki iliyopita, yeye hakukizoea. Alikunja nguo za mtoto akazitia kwenye begi lake.

"Mama Nafula, nikirudi Jumapili ijayo nitaenda na mtoto," alisema. "Hapa mnalala jalalani."

Baba Nafula, mwanawe, akaenda kufunga dirisha. Nami sikubisha, kwa sababu Mama alisema kweli, lakini nilihisi kama mtu amenikata mkono.

Halafu nikaharibu zaidi. Jumatatu nilikuta bakuli la maji ya rangi ya chai kando ya jiko. Nikadhani ni ya kuoshea vyombo, nikayamwaga mtaroni. Mama mkwe akatoka na majani yake ya kunde mkononi, akalitazama bakuli, akautazama mtaro.

Yalikuwa musherekha, maji ya majivu ya Waluhya. Alikuwa ameokota maganda ya maharagwe na ya ndizi kwenye ndoo yetu ya taka, akayakausha, akayachoma, kisha akapitisha maji kwenye majivu yake, tone kwa tone, apate ya kulainishia mboga. Mimi ni Mkamba, ningejuaje? Kwetu hatuna kitu hicho.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne nikabeba ndoo, nikapita mlango kwa mlango nikiomba maganda nimrudishie Mama maji yake. Mama Akinyi, jirani yangu wa ukutani, alicheka mpaka akashika mlango.

"Ai, Mama Nafula, maisha imekuwa ngumu hivyo? Saa hii unaomba taka?"

Lakini alinipa. Jioni alikuja mwenyewe, akaonja kunde Mama alizopika kwa mabaki ya majivu yake, akaonja tena. Kesho yake alileta maganda yake bila kuombwa, na nyuma yake wakaja kina mama wengine. Mikebe ya mafuta tuliitoboa matundu tukaifanya vichujio. Maganda ya viazi yakaenda kwa mzee wa laini ya pili anayefuga mbuzi. Nailoni tukazifunga kwenye gunia, tukakubaliana hakuna wa kuziwasha.

Sijui niandikeje jambo hili. Tangu niolewe nimeishi hapa nikiamini taka ni kitu kimoja, kinanuka, na hakuna wa kukiweza isipokuwa lori. Kumbe karibu yote ilikuwa chakula! Ijumaa jioni yule jirani aliyezoea kuwasha moto alifika na kiberiti, akatazama chini, hakuona cha kuchoma. Akarudi kwake na kiberiti chake. Nilimwona kupitia dirishani, na mwili ukanisisimka kama niko kanisani.

Jana Nafula hakukohoa.

Leo Mama alipofunga safari sikuthubutu kuingia chumbani. Nilisimama mlangoni tu. Sweta nyekundu ya Nafula ilikuwa juu kabisa kwenye begi. Mama aliichukua, akaigeuza, akamvalisha mtoto ingawa jua lilikuwa kali. Nguo nyingine za mtoto akazirudisha kitandani, na palipokuwa nazo akasimamisha chupa ya musherekha, niliyoichuja mimi, kwa maganda ya Mbotela.

"Hii nitawaonjesha watu wa nyumbani," alisema. "Mtoto abaki na mama yake. Lakini nikisikia mmechoma nailoni tena, nitakuja kumchukua."

Nikalia mbele yake bila haya.

Saa hii nimetoka kumwaga taka. Nilifika mwisho wa laini, nikainamisha ndoo kwa mazoea, na hakikuanguka kitu. Nikachungulia ndani, nikaona kitako cha ndoo. Sikumbuki kama nimewahi kukiona. Nilicheka peke yangu pale, nikarudi nayo nyumbani.

Kesho nitaamka mapema nigeuze maganda.