Kuku Uliyemwacha Stendi ya Kiomboi

Kaka Elia, shikamoo. Najua leo hutaitikia, ila adabu ni adabu.

Tumeanua matanga bila kaburi. Wamekuzika huko huko Marekani, karibu na chuo chako, na sisi hapa Ulemo tumelilia picha. Alizeti tumevuna, si haba.

Nina wivu, Kaka. Ninao tangu zamani, basi leo niseme. Watu walipouliza kazi yako nilijibu: profesa wa siasa, anachunguza watu wanaohamia Marekani kutoka Mexico na nchi jirani, na jinsi wanavyopiga kura wakishapata uraia. Wakacheka, "Mnyiramba na Wamexico wapi na wapi?" Nikacheka nao, roho inaniuma. Uliingia majikoni mwao, ukala mikate yao ya mahindi, ukawauliza nyumbani walimwacha nani. Mimi uliyeniacha nyumbani uliniuliza nini kila Jumapili? Mvua. Halafu, "Kuku wetu hajambo?" Nikaona unanitania, mtu wa kijijini.

Wiki iliyopita mwanafunzi wako Marisol alinipigia, Mtanzania mmoja akimtafsiria. Wanaandaa siku ya kukukumbuka, wakaomba zile sauti ulizonitumia kila Jumapili, zilizomo kwenye simu yangu. Nikakataa, tena kwa ukali. Wao walikuwa nawe darasani miaka yote. Mimi nina dakika chache tu, nazo wanazitaka!

Hakununa. Jana akanitumia mahojiano yako na mama mmoja wa Mexico, pamoja na tafsiri ya Kiswahili. Katikati yule mama anakugeuzia swali: na wewe je, ulimwacha nani? Unasema ulimwacha mdogo wako Naomi stendi ya Kiomboi, ameshika kuku aliyekuletea wa safari. Kwamba hukumpokea kuku, wala hukugeuka, kwa sababu ungemtazama usingepanda basi. Na kwamba hadi leo unamuulizia yule kuku, maana kumuulizia Naomi mwenyewe kunakushinda.

Kaka! Mimi nilijua umeona aibu kupanda basi na kuku. Nilirudi naye Ulemo nikilia njia nzima. Nikaapa hachinjwi, akataga, na hawa waliopo uani ni uzao wake. Na wewe siri hiyo ukampa mama wa watu, jikoni kwake! Namwonea wivu hata sasa. Nimesikiliza mara nne, na kila mara nalia upya.

Marisol nitampa sauti moja, ile unayocheka kuhusu mbuzi wa mchungaji. Ile ya mwisho, unayomuulizia kuku, simpi mtu. Hiyo ni yangu peke yangu.

Kwaheri, Kaka yangu. Kila Jumapili nitakujibu, hata nikizeeka. Nianze na leo: kuku hajambo. Naomi ndiye mgonjwa.

Mdogo wako,
Naomi